Jinsi ya Kuandika Historia ya Taji la Mieleka la Mexico

Anayetaka kuandika historia ya taji la mieleka la Mexico, mchezo ambao wenyewe huuita lucha libre, kwa kawaida huanza kwa kukusanya majina ya mabingwa, akayapanga kwa miaka na kudhani kwamba kazi imekwisha. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini ikitangulia huzaa makosa ambayo baadaye ni taabu kuyang'oa, kwa sababu mkanda haukuwa kamwe mali ya bingwa aliyeuvaa. Ulikuwa wa chombo fulani, na chombo hicho ndicho kilichoamua nani ashindane, nani avuliwe, na lini mkanda uwekwe kabatini. Kwa hiyo mwandishi na aanze na swali la nani alikuwa na mamlaka juu ya mkanda, kisha ndipo aingie kwenye majina. Mfano wangu mkuu utakuwa taji la dunia la uzito wa welter la NWA, herufi tatu nitakazozieleza baadaye, si kwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote, bali kwa kuwa limepita karibu katika kila mtego ninaotaka kuuonyesha.

Mamlaka yenyewe ni ya aina mbili, na tofauti yake haina budi kueleweka mapema. Yapo mataji ya taifa, ambayo yako chini ya kamisheni ya ngumi na mieleka ya Jiji la Mexico, nayo makampuni huyatumia kwa idhini yake. Na yapo mataji ya makampuni yenyewe. Kampuni kongwe ni ile iliyoanzishwa na Salvador Lutteroth mnamo tarehe 21 Septemba 1933 kwa jina la Empresa Mexicana de Lucha Libre, yaani EMLL, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibadili jina na kuwa Consejo Mundial de Lucha Libre, CMLL. Mwaka 1975 ilizaliwa kampuni pinzani, UWA, na mwaka 1992 Antonio Peña aliondoka CMLL na kuanzisha kampuni ya AAA, akifuatwa na wanamieleka wengi. Baada ya mtengano huo baadhi ya mataji ya taifa yaliingia AAA, jambo lisilowezekana kwa taji la kampuni. Anayeandika juu ya taji la taifa katika miaka ya 1990 na kudhani kwamba bado liko CMLL ataandika sura nzima ya kampuni isiyohusika.

Hapa ni vyema kukumbuka jambo ambalo mashabiki wanalijua ingawa hawapendi kulisema, nalo ni kwamba matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa. Swali la kwa nini bingwa fulani alipoteza mkanda halijibiwi kwa kutazama uchovu wake ulingoni. Hujibiwa kwa kutazama ofisini, mkataba wake ulikuwa unaelekea wapi na promota alitaka kumpandisha nani. Hilo halipunguzi hadhi ya taji, ila linabadilisha aina ya ushahidi unaotafutwa.

Ukishajua mamlaka, chunguza jina la taji, tena herufi kwa herufi. Ukoo wa Mexico wa taji letu la welter huanzia mwaka 1946 kwa El Santo, mpiganaji mashuhuri wa kinyago, ilhali National Wrestling Alliance, muungano wa mapromota ambao watu wengi huufikiria wanapoona herufi NWA, ulianzishwa Marekani mwaka 1948. Taji linawezaje kuwa na umri mkubwa kuliko chama chake? Jibu ni kwamba kulikuwa na chama kingine cha Marekani, National Wrestling Association, chenye herufi zilezile tatu, na EMLL ilijiunga na ule muungano mpya mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu. Mwandishi asiyelijua hilo ama ataifuta miaka ya kwanza akidhani ni uzushi, ama ataipa Alliance ushindi ambao haikuhusika nao. Njia salama ni kuandika jina la chama kwa ukamilifu kila linapotajwa kwa mara ya kwanza katika kipindi fulani, kisha kueleza kwa sentensi moja lini maana ya herufi ilibadilika.

Uzito wa mwili hauhitaji maelezo marefu. Kanuni za Mexico huweka welter kati ya kilo 70 na 78, uzito wa kati kati ya kilo 82 na 87, na uzito wa juu mwepesi kati ya kilo 92 na 97. Kanuni hizo hazijafuatwa kwa ukali, na wapo mabingwa waliovaa mkanda wa welter huku miili yao ikiwa wazi kuwa mizito zaidi. Andika kikomo cha kanuni mara moja mwanzoni, usikitumie kumkataa bingwa ambaye chombo chenye mamlaka kilimkubali.

Tarehe ndizo zitakazokula muda wako mwingi, nami ningeshauri kila moja ithibitishwe kwa njia mbili zisizotegemeana. Chukua taji la dunia la uzito wa juu la CMLL, ambalo bingwa wake wa kwanza alikuwa Konnan, wakati huo akiitwa Konnan el Bárbaro, aliyemshinda Cien Caras katika fainali ya mashindano tarehe 9 Juni 1991. Cien Caras alimpokonya mkanda huo tarehe 18 Agosti mwaka huohuo. Ukihesabu siku 21 zilizobaki za Juni, 31 za Julai na 18 za Agosti, unapata utawala wa siku 70. Siku 70 ni wiki kumi kamili, kwa hiyo tarehe zote mbili lazima ziangukie siku moja ya juma, na kalenda inaonyesha kwamba zote ni Jumapili. Hesabu ndogo ya namna hiyo hufichua makosa mengi, kwani kumbi za mieleka zina siku zake za kawaida, na tarehe inayoangukia siku ambayo ukumbi haukuzoea kufunguliwa inastahili kutiliwa shaka mpaka ipate shahidi mwingine.

Sasa tazama tarehe hiyohiyo ikiandikwa kwa tarakimu tupu, 9/6/1991. Kwa desturi ya Mexico, siku hutangulia mwezi. Kwa desturi ya Marekani, mwezi hutangulia siku. Mkusanyaji wa Marekani akiinakili bila kugeuza, Konnan ataonekana kuutwaa ubingwa tarehe 6 Septemba, siku 19 baada ya kuupoteza. Mimi mwenyewe niliwahi kubaki na bingwa mwenye utawala wa siku pungufu ya sifuri, nikalaumu kila kitu isipokuwa mpangilio wa tarakimu. Tangu hapo huandika mwezi kwa jina lake.

Mahali nako kuna mitego yake. Haitoshi kuandika "Mexico" kwa sababu jina hilo ni la nchi, la jiji na la jimbo, na mpaka kati ya jiji na jimbo una maana katika mieleka. Arena Coliseo, iliyofunguliwa mwaka 1943, na Arena México, iliyofunguliwa mwaka 1956, ziko ndani ya jiji, lakini El Toreo de Cuatro Caminos, nyumba kuu ya UWA, ilikuwa Naucalpan, katika Jimbo la Mexico, nje ya eneo la kamisheni ya jiji. Pale ndipo Canek alipomshinda Mmarekani Lou Thesz mwaka 1978 na kuutwaa mkanda wa dunia wa uzito wa juu wa UWA. Andika ukumbi, mji na jimbo. Kama pambano lilikuwa Japan, kumbuka pia kwamba huko siku huanza mapema kuliko Mexico, kiasi kwamba gazeti la Mexico linaweza kutaja tarehe ya jana kwa pambano lilelile.

Kuhusu majina, kanuni ni kutofautisha mtu na kinyago anachokivaa ulingoni. Jina la ulingoni hurithishwa, hukodishwa, hunyang'anywa, na mara nyingine hurudi kwa mwenyewe. Mfano ulio wazi ni Místico. Wa kwanza alianza kutumia jina hilo CMLL mwaka 2004, akaenda Marekani mwaka 2011 na kuitwa Sin Cara. CMLL ikamvisha mtu mwingine kinyago cha Místico mwaka 2012. Kisha yule wa kwanza, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kwa jina la Carístico, akarudishiwa jina la Místico mwaka 2021. Msomaji anayekutana na "Místico" katika safu moja ya jedwali hawezi kujua ni nani. Weka namba ya Kirumi au maelezo mafupi pembeni, lakini usifichue jina la kuzaliwa la mpiganaji ambaye bado anavaa kinyago na hajalitangaza mwenyewe; katika mieleka ya Mexico hiyo ni heshima ya msingi, na wanahabari wa huko kwa kawaida huizingatia.

Ukifika kwenye mabadiliko makubwa ya mkanda, usiandike matokeo tu, eleza pia kilichotangulia. Katika lucha libre pambano la taji si lazima liwe ndilo zito kuliko yote. Pambano la dau, ambapo mtu huweka kinyago au nywele zake rehani, mara nyingi hupewa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mkanda unaweza kurudishwa lakini kinyago kikivuliwa kimevuliwa. Tarehe 7 Novemba 1952, El Santo, ambaye wakati huo alikuwa rudo, yaani mpiganaji wa hila na ukorofi, alimvua kinyago Black Shadow. Mshirika wa Black Shadow ulingoni alikuwa Blue Demon. Mwaka uliofuata, Blue Demon, akiwa sasa upande wa mafundi, yaani wapiganaji wanaofuata kanuni, alimpiga El Santo na kuchukua taji la welter la NWA, akakaa nalo hadi mwaka 1958, alipolipoteza kwa Karloff Lagarde. Jedwali lisilotaja kinyago cha Black Shadow lingeonyesha ushindi wa 1953 kama tukio la kawaida kati ya mabingwa wawili, na msomaji asingejua watazamaji walikuwa wakidai nini.

Kisha kuna mashimo, na hapo ndipo uaminifu wa mwandishi hupimwa. Mkanda unaweza kuachwa wazi kwa jeraha, kwa mpiganaji kuhama kampuni, au kwa ofisi kuusahau tu. Kila kipindi cha namna hiyo kipewe mstari wake katika jedwali, na tarehe yake. Usimrefushe bingwa aliyetangulia ili kuziba pengo.

Taji la welter lilipata shimo la ajabu zaidi mwaka 1996. Bingwa wake, Negro Casas, alishiriki mashindano ya kuunganisha mikanda minane ya uzito mdogo chini ya kampuni ya Japan, New Japan Pro-Wrestling, yaliyozaa kile kilichoitwa J-Crown. The Great Sasuke aliyashinda tarehe 5 Agosti 1996, na kwa usiku mmoja taji lenye ukoo wa El Santo na Blue Demon likawa moja kati ya minane begani kwa Mjapani. Último Dragón aliipata mikanda hiyo tarehe 11 Oktoba, akaipoteza kwa Jushin Thunder Liger tarehe 4 Januari 1997, siku 85 baadaye. El Samurai akafuata, kisha Shinjiro Otani, ambaye mwishoni mwa 1997 aliachilia mikanda yote isipokuwa ule wa IWGP, yaani wa New Japan yenyewe. Je, hao watano ni mabingwa wa taji la Mexico? Maoni yangu ni kwamba ndiyo, kwa kuwa mkanda wenyewe ulikuwemo katika kila pambano, ila kila mmoja awekewe alama inayosema kwamba aliupata ndani ya J-Crown, ili anayetaka kuhesabu mapambano ya welter peke yake aweze kuwaondoa.

Hatua ya mwisho ni kuamua orodha inaishia wapi. EMLL ilijitoa katika Alliance mwishoni mwa miaka ya 1980 lakini ikaendelea kutumia jina na mikanda yake, huku Blue Demon Jr., akiwa rais wa tawi la NWA la Mexico, akilalamika. Mwaka 2010 CMLL iliacha mikanda mitatu ya zamani na papo hapo ikatangaza mitatu mipya yenye neno "Historic" ndani ya jina. Wapo wanaoendeleza namba za mabingwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukirudi kwenye swali la mamlaka, utaona kwamba chama kilikuwa na taji moja na kampuni ikaunda jingine. Kwa hiyo funga jedwali la kwanza mwaka 2010, fungua la pili kwa bingwa namba 1, na katika mstari wa mwisho, ambako bingwa wa sasa bado anautetea mkanda, acha safu ya tarehe ya kupoteza ikiwa tupu na uandike chini yake siku uliyolihakiki jedwali.