Keneli ya Linux Imeua Hifadhidata Yako? Kagua Kumbukumbu Hivi

Mwenzangu ana seva yenye RAM ya GB 2, na hifadhidata yake ya PostgreSQL ilikuwa ikizimika ovyo. RAM ikiisha, keneli (kiini cha Linux) huua programu ili kuikomboa. Alishaanza kutafuta pesa za kuongeza RAM. Kabla hujafika huko, pita hapa.

1. Hakikisha ni keneli iliyoua

`sudo dmesg -T | grep -i "out of memory"`

Mstari ukiwa na "Memory cgroup", kilichojaa ni kikomo cha kumbukumbu cha konteina (kisanduku kinachotenga programu), si RAM ya mashine. Ongeza kikomo hicho kwanza.

2. Endesha `free -h`

Tazama safu ya "available", achana na "free".

3. Mtafute mlaji

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Safu ya VSZ kwenye `ps`, amri inayoorodhesha michakato, ni anwani za kumbukumbu ambazo programu imeahidiwa tu. Ikiomba GB 1, keneli kwa kawaida hukubali bila kutoa chochote. Kila ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu, KiB 4 kwenye vichakata vya x86-64) hutolewa programu inapoandika hapo mara ya kwanza. Ni kamati ya harusi inayogawa kadi nyingi kuliko viti. Siku wote wakitokea, mtu hutolewa nje.

Safu ya RSS ni kumbukumbu iliyomo kwenye RAM kweli, lakini usijumlishe RSS za michakato yote. PostgreSQL huwa na michakato mingi inayotumia eneo moja la pamoja, na kila mmoja huhesabiwa eneo hilo upya. Jumla inaweza kuzidi RAM uliyo nayo! Mimi naamini Pss peke yake, kwa sababu hugawanya kurasa za pamoja kwa idadi ya wanaozitumia:

`sudo grep -i pss /proc/NAMBA/smaps_rollup`

Weka namba ya mchakato (PID kwenye `ps`) badala ya NAMBA. Faili hili lipo kuanzia keneli 4.14. Soma pia SwapPss, maana kurasa zilizohamishiwa diski hazimo kwenye Pss.

4. Ongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM)

```
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Tumia `dd`, si `fallocate`: swapu haikubali faili lenye matundu, na kwenye baadhi ya mifumo ya faili, faili la `fallocate` huweza kuonekana hivyo. Kwenye mfumo wa faili wa Btrfs njia hii haifai.

5. Fuatilia kwa `vmstat 1`

Ruka mstari wa kwanza. Ni wastani tangu mashine iwake. "si" na "so" (kinachotoka na kinachoingia kwenye swapu) zikibaki juu mfululizo, punguza `work_mem` (mpangilio wa kumbukumbu wa PostgreSQL) au idadi ya miunganisho. Ikishindikana, hapo nunua RAM.