Somo: Kuovakloki prosesa, toka Celeron 300A hadi 2500K

Wakuu, kuovakloki ni kuikimbiza prosesa, ubongo wa kompyuta, kuliko kasi ya kiwandani. Kabla hamjagusa kitu shikeni hesabu hii: kasi ya prosesa ni mapigo ya basi (njia inayounganisha prosesa na kompyuta nzima, mapigo yake kwa MHz) mara kizidishio (namba ya kuzidishia mapigo hayo). Kazi yote ni kutafuta upande upi haujafungwa.

Hatua ya 1: Jua kilichofungwa. Celeron 300A ya 1998 ilikuja na 66 × 4.5, yaani MHz 300. Watengenezaji wake, Intel, walifunga kile kizidishio cha 4.5, lile basi likabaki wazi. Ukiliweka 100 kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla kompyuta haijawaka) unapata 450, kasi ya Pentium II, prosesa nyingine ya Intel ya bei mbaya. Kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya Celeron ilikuwa KB 128 tu, ila imo ndani ya prosesa na inakwenda kasi ileile. Pentium II ilikuwa na KB 512 kwa nusu kasi. Mdogo akakimbia bega kwa bega na kaka yake. Mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ikikataa, watu walibandika selotepu kwenye pini B21 ya prosesa, nayo ikadhani imepewa prosesa ya basi la 100. Kwa Duron, prosesa za AMD za mwaka 2000, kilichofunguka ni kizidishio, kwa kuunganisha madaraja ya L1 (vinukta vya shaba juu ya prosesa) kwa penseli. Penseli hiihii ya shule!

Hatua ya 2: Poza. Vua hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), futa krimu ya kupitisha joto iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya njegere. Niliwahi kuruka hatua hii. Mashine ikawa inazimika kila nikifungua gemu, wiki nzima nalaumu umeme wa mtaani.

Hatua ya 3: Panda taratibu. Kwa i5-2500K, prosesa ya Intel ya 2011, lile basi liache 100, maana limefungamana na mambo mengine mengi. Kizidishio ndicho cha kupandisha: toka 33 nenda 38, halafu 40. Volti usiziguse kwanza. Kila ukipanda, endesha Prime95 (programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito) saa moja. Joto likipita nyuzi 80, shuka.

MASWALI

Mkuu, nina kompyuta ya Dell Optiplex 790 ya mtumba, prosesa i3-2100. Inawezekana?
Hapana, imefungwa kotekote. Tafuta prosesa i5-2400 ya mtumba, soketi (tundu la kuchomekea prosesa) ni ileile 1155. Utaona tofauti kuliko kuhangaika na BIOS.

Laptop je?
Achana nayo. Feni yake inahema hata kwa kasi ya kiwandani.

Nimeweka kizidishio 46 kwenye 2500K, skrini nyeusi. Nimeiua?
Bado. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi dakika tano, rudisha. Itasahau yote uliyoiwekea. Safari hii anza na 38, mkuu, kama nilivyoandika.