Jinsi ya Kumbuni Mungu Aliyesahaulika kwa Ajili ya Mchezo wa Njozi

Wabunifu wengi wa michezo ya njozi, ile ya mezani ambayo wachezaji huigiza wahusika katika hadithi, humwanzisha mungu aliyesahaulika kwa jina la kutisha, mamlaka juu ya giza na hekalu lililofunikwa na mizizi, kisha hushangaa kuona wachezaji wakimpita bila kugeuka nyuma. Mungu huyo ameelezwa vya kutosha. Kisichoelezwa ni kusahauliwa kwake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote kuhusu uwezo wake, andika sentensi moja inayotaja ni nani walioacha kumwabudu, ni nini kiliwaachisha, na ni nani aliyenufaika na ukimya uliofuata.

Sababu unayoichagua ndiyo itakayoamua masalio yatakayobaki, na historia ya kweli ina mifano ya kutosha. Katika karne ya 14 K.K., Farao Akhenaten wa Misri alimkweza Aten, mungu wa duara la jua, akaagiza jina la Amun, mungu mkuu wa wakati huo, lifutwe kwa patasi katika kuta za mahekalu. Alipokufa mambo yaligeuka: farao kijana Tutankhaten akabadili jina akawa Tutankhamun, majengo ya Aten yakabomolewa, na maelfu ya mawe yake yaliyochongwa yakatumiwa kujazia malango mapya ya hekalu la Karnak. Mbunifu anayetaka mungu aliyefutwa kwa amri anaweza kulitumia jambo hilo karibu lilivyo, kwa sababu wachezaji wanaobomoa ukuta wa hekalu tukufu na kukuta ndani yake nyuso za mungu mwingine, zimegeuziwa gizani, hawahitaji hotuba ya mzee yeyote ili waelewe kilichotendeka.

Mungu aliyeshindwa na dini nyingine huacha masalio ya aina nyingine, nayo ni shutuma. Kwa karne nyingi, sehemu kubwa ya yaliyojulikana kuhusu Baali, mungu wa kale wa Kanaani, ilitoka kwa watu waliompinga, hadi uchimbaji ulioanza mwaka 1929 huko Ras Shamra, katika pwani ya Syria, ulipoanza kufichua mji wa kale wa Ugarit na vibao vya udongo vyenye tenzi zinazosimulia mapambano yake dhidi ya Yam, yaani Bahari, na Mot, yaani Mauti. Ukifuata njia hii, andika kwanza maandishi ya maadui, uyatawanye mapema katika mchezo, kisha ufiche mbali wimbo mmoja wa waumini unaopingana nayo katika jambo moja zito.

Hata hivyo, namna ninayoiona kuwa na manufaa zaidi mezani ni ile ambayo ibada inaishi kumpita mungu wake. Mwanazuoni wa Kirumi Varro, wa karne ya 1 K.K., anaeleza kwamba mungu wa kike Furrina aliheshimiwa zamani, akawekewa ibada ya kila mwaka na kuhani wake mwenyewe, lakini kufikia zama za mwandishi huyo hata jina lake lilijulikana kwa shida na watu wachache. Hakuna aliyempiga vita. Watu walizoea tu. Hebu fikiria mji wa bandari wenye mtumishi anayelipwa na hazina ili kila mwaka amwage mafuta katika kisima kikavu, bila mtu yeyote kujua sababu, mpaka mtawala mbana matumizi anapomfuta kazi na maji ya chumvi yakaanza kupanda katika visima vingine vyote. Hapo wachezaji wana tatizo la kutatua, wana shahidi wa kuhoji, na wana mungu ambaye bado hajatajwa.

Masalio yakishapatikana, yapange ili jina lije mwisho. Wachezaji wakutane kwanza na desturi, baadaye mahali, kisha kisa kilichopotoshwa, na jina walipate pale tu ambapo kulitamka kuna gharama. Gharama hiyo iwekwe katika kanuni za mchezo, isibaki kwenye masimulizi pekee: kwa mfano, baraka za mungu huyo zifanye kazi ndani ya mipaka ya eneo lake la kale tu, na nguvu zake ziongezeke kwa kila kundi jipya la watu linalolijua jina, ili uamuzi wa nani aambiwe na nani afichwe uwe wa wachezaji wenyewe. Kumfufua akiwa na hasira ili awe adui wa pambano la mwisho ni njia rahisi mno, na mara nyingi huharibu kazi yote iliyotangulia. Mungu asiyekumbuka vizuri alikuwa wa nini, na anayeuliza wachezaji maswali, hutisha zaidi.

Mwisho, mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwaongoza wachezaji, awe na karatasi yenye safu mbili, moja ya yaliyo kweli na nyingine ya yanayoaminiwa na kila kundi la watu. Katika safu ya kwanza acha nafasi moja wazi, kwa kuwa mara nyingi mchezaji mmojawapo atatoa dhana inayoshikamana na masalio kuliko ile uliyokuwa umeiandaa, na itakuwa rahisi kuiandika hapo usiku huohuo.