Namba tasa pacha: anza na namba iliyo katikati

Wanafunzi wengi wa twisheni hapa Wete huja na orodha ya namba tasa pacha waliyoikariri: 3 na 5, 5 na 7, 11 na 13, 17 na 19. Wakivuka 100 hukwama. Orodha si ya kukariri. Ina mpangilio, na mpangilio wenyewe unaonekana ukiitazama namba inayokaa katikati ya jozi.

Hatua ya kwanza: shika kete za bao. Hesabu 13, uzipange safu zilizo sawasawa. Hazikubali, ila safu moja ya 13 au kete moja moja. Hiyo ndiyo namba tasa: ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. (Kwa hiyo 1 si tasa, kwani ina kigawo kimoja.) Toa kete moja: 12 inapangika safu 2, 3, 4, hata 6. Toa nyingine: 11 inakataa tena. Namba mbili tasa zikipishana kwa 2, ni pacha. Kete zote 64 za bao zinakufikisha mpaka 59 na 61.

Hatua ya pili: andika 1 hadi 120 kwenye daftari la hesabu, namba sita kila mstari. Kata 1. Safu wima ya pili, ya nne na ya sita ni shufwa tupu. Zikate, bakisha 2. Ya tatu ni vigawe vya 3. Kata, bakisha 3. Sasa zimesimama safu mbili tu, ya kwanza na ya tano. Humo kata vigawe vya 5, yaani 25, 35, 55, 65, 85, 95 na 115, kisha vya 7: 49, 77, 91 na 119. Basi, zilizobaki zote ni tasa. Hakuna haja ya kwenda kwa 11, kwa sababu 11 × 11 ni 121, nje ya jedwali. Njia hii ni ya Eratosthenes wa Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukiacha 3 na 5, kila jozi inakaa pembeni mwa kigawe cha 6: 6, 12, 18, 30, 42, 60, 72, 102, 108. Haiwezi kuwa vinginevyo, maana tasa zote zilizozidi 3 zimo katika zile safu mbili. Tazama na tarakimu ya mwisho. Baada ya 6 yenyewe, namba ya katikati haiishii na 4 wala 6, kwa kuwa jirani yake mmoja angeishia na 5. Zinabaki zinazoishia na 0, 2 au 8. Katika jedwali lako zilizotimiza masharti hayo zikakosa pacha ni 48, 78, 90 na 120 tu, na zote zimeharibiwa na 7.

Hatua ya nne: vuka jedwali. Jaribu 192. Usigawanye 191 na 193 mbalimbali; gawanya ya katikati. Kwa 7 baki ni 3, kwa 11 baki ni 5, kwa 13 baki ni 10. Baki ingekuwa 1, jirani wa chini angegawanyika. Ingepungua kigawanyo kwa 1, angegawanyika wa juu. Hapa haikutokea, na 17 × 17 ni 289, imeshapita. Kwa hiyo 191 na 193 ni pacha.

“Maalim, zina mwisho?” Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri mno. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Kuhusu pacha, hakuna aliyethibitisha hadi leo. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri nchini Marekani, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000. Mwaka uliofuata wanahisabati wengine walikuwa wameshaishusha hadi 246. Inayotakiwa ni 2.

Zoezi: kati ya 120 na 200 zimo jozi tano. Zitafute kwa baki, na ukifika 168 usisahau 13.