Maneno yamezidi? Mambo ya kuangalia kabla hujabonyeza sabmiti

Desemba moja mtoto wa mama mdogo alikuja kwangu Sinza saa nne usiku, laptopu ina chaji asilimia 12, esei yake ya kuombea vyuo vya Marekani imeshakamilika na ni nzuri kwelikweli, ina maneno 812. Anapesti kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, fomu inagoma. Kile kisanduku kinataka kuanzia maneno 250 mpaka 650 basi, na hakuna mtu wa kumbembeleza pale, ni kompyuta tu. Tulikesha. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kufanya mapema, sio usiku wa dedlaini.

La kwanza kabisa fungua fomu kabla hujaandika hata sentensi moja. Akaunti ni bure, ingia, pitia maswali ya kila chuo, chukua daftari uandike limiti zao, maana hazifanani hata kidogo. Vyuo vya University of California vina fomu yao wenyewe, maswali 8 unachagua 4, kila jibu lisizidi maneno 350. Kwenye Common App kila shughuli unayoorodhesha inaelezwa kwa karakta 150, hapo ni karakta sio maneno, yaani kila herufi na kila alama, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Uingereza kupitia UCAS, mfumo wao wa kuombea vyuo, ni karakta 4,000 kwa jumla, na kwa wanaoanza masomo 2026 kuendelea imegawanywa maswali matatu, kila moja angalau karakta 350. Ukichanganya maneno na karakta umekwisha, nimeshamwona mtu anashangilia "nina nafasi ya 4,000" akaandika kama anaandika tasnifu.

Halafu kuna jambo letu sisi. Shuleni tumelelewa na insha isiyopungua maneno kadhaa, isiyopungua, yaani hofu yetu siku zote ilikuwa kufikisha, tukajifunza kuvuta vuta, na insha lazima ianze na utangulizi, maana ya neno, historia fupi, ndio uingie kwenye pointi. Sasa huku ni kinyume, unaambiwa isizidi, na yule anayesoma hahitaji umfafanulie elimu ni nini.

Na wengi tunafikiria kwa Kiswahili halafu tunahamishia kwenye Kiingereza, hapo ndipo maneno yanapoumuka kama maandazi. "Sitakusahau" kwetu ni neno moja, kwao ni matano. "Tulipohamia Mbagala" maneno mawili, kule yanakuwa matano pia. Kwa hiyo ukiandika drafti ya Kiswahili yenye maneno 500 ukajiona uko salama, hauko salama. Mimi nashauri kama lazima uanze na Kiswahili basi lenga 400 hivi, au andika moja kwa moja kwa lugha ya fomu hata kama inakwama kwama, utanyoosha baadaye.

Ikishazidi angalia imezidi kwa ngapi kwanza. Ishirini au thelathini hizo unachomoa moja moja, vile vivumishi vitatu vinavyosema kitu kilekile, ile "kwa kweli" ya kila mahali, na vifupisho vya Kiingereza vyenye koma ya juu vinahesabiwa neno moja badala ya mawili. Lakini zikiwa 162 kama za mdogo wangu usijidanganye kwa kuchomoa moja moja, utaua sentensi zote na bado hutafika, hapo aya nzima inatoka. Mara nyingi ni ya kwanza. Yake ilikuwa na maneno 121 kuhusu elimu kuwa ufunguo wa maisha, tukaitoa nzima nzima, esei ikaanza pale anapohesabu chenji kwenye genge la mama yake Buguruni saa kumi na moja alfajiri. Alinuna kidogo. Zilizobaki tukazipunguza tukafika 648.

Usihamishie mabaki kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya Common App. Ile ni ya vitu kama ulikatisha shule kwa ugonjwa, na tangu msimu wa 2025 hadi 2026 nayo wameibana hadi maneno 300. Pia ile stori ya "asilimia kumi ya ziada wanasamehe" ni ya kwenye kazi za darasani, usiibebe huku. Kama chuo au skolashipu inataka uapulodi faili na hakuna kinachokuzuia, bado fuata namba yao, unajuaje kama anayesoma hataona hujafuata maelekezo?

Ukimpa mwalimu apitie, mwambie namba mapema, la sivyo atakurudishia imeongezeka. Wanapenda kuongeza hao!

Siku ya kupesti, hesabu ya Word kwenye laptopu yako isikupe jeuri, amini hesabu ya kisanduku chenyewe, UCAS hata mstari mtupu unakula karakta. Na saa ya dedlaini ujue pia. Common App kwa kawaida inakwenda na saa za hapa ulipo, saa tano na dakika 59 usiku. UCAS ni saa 12 jioni ya Uingereza, kwetu Januari inakuwa saa 3 usiku, lakini ile ya Oktoba ya Oxford, Cambridge na udaktari ni saa 2 usiku kwa sababu wenzetu bado wako kwenye saa za kiangazi. Weka bando la kutosha, chaji mapema umeme ukiwepo, na kabla ya sabmiti Common App inakuonyesha PDF ya fomu yako, isome mpaka neno la mwisho uone aya zote zimeingia.

Ile aya ya maneno 121 mdogo wangu bado anayo kwenye simu, kagoma kuifuta.