Umesimamishwa ustawi wa jamii England na sasa wanataka kuongeza muda? Mambo ya kuzingatia kabla ya kufika kwa jaji

Kuna barua moja inawachanganya sana ndugu zetu wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii kule England. Social Work England, yaani mdhibiti wa kazi hiyo, walishakusimamisha kwa muda wakati tuhuma dhidi yako zinachunguzwa, miezi 18 inakaribia kuisha, wewe unahesabu siku tu, mara unaletewa makaratasi ya Mahakama Kuu kwamba wanaomba waongezewe. Usishtuke ukadhani umeshahukumiwa. Wao wenyewe mwisho wao ni hiyo miezi 18, kuvuka hapo lazima jaji akubali, na kila ombi haliwezi kuzidi miezi 12.

Angalia kwanza tarehe, amri inaisha lini na unatakiwa ujibu lini, maana muda wa kujibu ni mfupi na kuna watu wanaiacha bahasha kwenye droo kwa hofu, halafu kesi inasikilizwa bila wao.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteleza. Wanajiandaa kumweleza jaji kwamba yule mzazi alidanganya, kwamba meneja alikuwa na chuki, kurasa 40 za hasira. Siku hiyo jaji haamui nani mkweli. Tangu kesi ya daktari mmoja, GMC (mdhibiti wa madaktari) dhidi ya Hiew, mwaka 2007, anachopima ni uzito wa tuhuma, ushahidi ukoje, hatari kwa watu, kwa nini kesi haijaisha mpaka leo, na wewe utaumia kiasi gani. Na mwenye kazi ya kumshawishi ni mdhibiti, siyo wewe.

Yale mawili ya mwisho aliyopima jaji, kuchelewa kwa kesi na kuumia kwako, ndo shamba lako. Fukua barua pepe zote uandike mtiririko, tarehe kwa tarehe, waliomba nini lini, ukajibu lini, wakanyamaza miezi mingapi. Kama wanasubiri polisi hiyo sababu ina nguvu, tusidanganyane, lakini kama faili lilikaa tu mezani kwa mtu, sema. Ila na wewe kama ulikaa miezi mitatu bila kujibu watalitoa hilo, kwa hiyo liseme mwenyewe kabla yao.

Kuumia nako kunataka karatasi: stetimenti za benki, kodi ya nyumba, madeni, barua ya daktari, na kama ulikuwa na viza ya kudhaminiwa na mwajiri onyesha ilivyoathirika. Peke yake haishindi kama hatari inaonekana kubwa, lakini inasaidia kuomba miezi michache, 6 badala ya 12 kwa mfano, na mi naona hilo mara nyingi ndo ombi la akili kuliko kupinga kila kitu.

Ukiletewa fomu ya kukubali kwa hiari, kukubali muda uongezwe siyo kukiri kosa, ila soma idadi ya miezi na kipengele cha gharama za kesi kabla hujasaini, na kama uko UNISON (chama cha wafanyakazi) au BASW (chama cha wataalamu wa ustawi wa jamii) wapigie wiki hiyohiyo, usingoje.

Halafu huku nje, kazi yoyote unayoshika mwambie mwajiri ukweli na usijiite "social worker" hata kwenye wasifu wa LinkedIn, jina hilo linalindwa na sheria na ukikamatwa nalo unawapa sababu nyingine ya kwenda kwa jaji.