Pandisha kwanza, ndipo ushushe

Kabla ya kushusha (download) usanidi mpya kwenye kontrola, yaani kompyuta inayoendesha vali na vifaa vya mtambo, pandisha kwanza (upload) kutoka humo thamani zinazotumika sasa, uzilinganishe na zilizo kwenye hifadhidata ya uhandisi. Marekebisho ya PID (hesabu ambayo kontrola hutumia kushikilia kipimo, kama joto au shinikizo, pale kinapotakiwa) na mipaka ya kengele yaliyofanywa mtambo ukiendelea na kazi mara nyingi hubaki kwenye kontrola tu. Ukishusha bila kuyachukua, thamani za zamani za hifadhidata zinayafuta, na kitanzi cha udhibiti (kipimo, kontrola na vali vinavyofanya kazi pamoja) kilichokuwa kimetulia kinaanza kuyumba. Ila usikubali tofauti zote kwa mkupuo: nyingine ni kengele ambayo zamu ya usiku iliizima kwa muda ikasahau kuiwasha. Kupandisha na kulinganisha hakutoshi pale mabadiliko yanapolazimisha kontrola ianze upya: vali zinaweza kufunga hata kama thamani zote zinalingana. Kazi hiyo isubiri mtambo usimame.